Uzi: Mwani wetu unalisha viwanda vya nje. Shamba likifa, hasara anaibeba nani?

Kigingi (mleta mada)

Assalam alaykum wanajukwaa.

Kila mjadala wa mwani ukizuka humu unaishia kwenye bei. Kilo imepanda, kilo imeshuka, kampuni zinanyonya, serikali iingilie kati, basi, uzi unazama. Mimi kazi yangu ni ya upande wa mizani: napima na kuandika daftari kwenye banda la kununulia mwani huku kaskazini ya Pemba. Kwa ninavyoona, bei ni jambo la pili. La kwanza ni kujua mambo yakiharibika hasara inamwangukia nani. Nitaeleza safari ya mwani kama ninavyoijua, halafu mnipinge.

Kwa wale waliozaliwa wakakuta kamba zimo baharini tayari: mwani wa kuokota pwani ulikuwa ukiuzwa nje tangu zamani. Kilimo chenyewe, cha kamba na vigingi, kilitafitiwa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, na biashara ikaanza 1989 Paje na Jambiani, kule Unguja. Mbegu ililetwa kutoka Ufilipino. Kamba zilitoka nje, soko lilikuwa nje. Cha kwetu kilikuwa bahari na mikono, na mikono hiyo mpaka leo mingi ni ya kina mama. Katika kila wakulima kumi, kama wanane ni wanawake.

Tunalima aina mbili. Kuna mwani mnene, ambao kwenye karatasi za kampuni unaandikwa cottonii, na mwembamba, spinosum. Wanachokitaka wanunuzi ni gundi iliyomo ndani, karajinani. Ya mnene inaganda ngumu, ya mwembamba inaganda laini. Ndiyo inayofanya dawa ya meno isichuruzike, aiskrimu isiwe chenga za barafu, maziwa ya chokoleti yasijitenge, nyama ya kopo ishikane. Chukua pakiti yoyote ya Ulaya pale supamaketi, soma maandishi madogo, utafute E407 au E407a. Ukiiona, huenda mwani wa Kiuyu, huku kwetu Pemba, umo humo. Huenda ni Indonesia vilevile, maana wao ndio wakubwa wa dunia katika mwani huu, na shida yetu inaanzia hapo.

Mkulima anavuna baada ya wiki sita hivi, anaanika, anauleta kwangu ukiwa umebaki sehemu ndogo tu ya uzito uliotoka nao majini. Kampuni inaushindilia marobota, unapanda meli, unakwenda kupikwa Ulaya, Marekani au Uchina. Kiwanda kinachoupika hakitutegemei sisi peke yetu. Kikikosa Pemba kinachukua Indonesia, Ufilipino au Madagaska. Mama wa Maziwang'ombe hana bahari ya pili.

Sasa tazameni mpangilio wenyewe. Kampuni inampa mkulima kamba na mbegu bure kwa sharti auze kwake tu. Mambo yakiwa mazuri hakuna anayelalamika. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwani mnene umekuwa ukifa kwa joto la maji: matawi yanageuka meupe, yanalegea, yanakatika, na majani mengine yanaupanda. Sehemu nyingi za Unguja wameshaachana nao, wamebaki na mwembamba, ambao bei yake huwa nusu ya mnene au chini ya hapo. Kazi ni ile ile, jua ni lile lile.

Kwenye daftari langu mwezi wa namna hiyo ni safu tupu tu. Mama mwenye shamba ameshuka majini bamvua zote (siku maji yanapotoka sana) na hakupata kitu, na kisheria hakuna anayewajibika kwake. Sheria ya Ajira ya Zanzibar Namba 11 ya 2005 inazungumzia mwajiri na mwajiriwa, na yeye anahesabiwa kajiajiri. Anapanda mbegu ya kampuni kwenye kamba ya kampuni, anakausha kwa kiwango cha unyevu cha kampuni, anasubiri siku ya kununua ya kampuni. Siku shamba linapokufa ndipo anapokuwa bosi wa nafsi yake.

Semeni.

---

Bint Tumbe

Umesema kweli kaka, na umesahau mwili. Watu wanaona picha za watalii, mama kajitwika mwani, jua linazama, mashaallah. Bamvua haina saa ya kistaarabu. Maji yakitoka alfajiri unashuka alfajiri, yakitoka saa saba mchana unashuka saa saba, unainama mpaka yanarudi. Mgongo, magoti, macho yanayowasha kwa mng'aro wa jua juu ya maji. Miba. Samaki taa akikupiga umekwisha kazi kwa wiki. Viatu vya majini ni vya kununua mwenyewe, wengi wanavaa soksi kuukuu. Halafu kuubeba ukiwa mbichi, umejaa maji, mpaka juu. Kilo unayoipima wewe ishakauka. Mgongo wangu uliibeba ikiwa mara nyingi zaidi ya hapo.

Na watoto wanakuja kusaidia kufunga mbegu baada ya skuli. Hilo mnalijua, hamlisemi.

---

Mtoto wa Kariakoo

Mleta mada heshima kwako mkuu. Sisi wa bara tunauliza tu: kwa nini msiwe na mnunuzi mmoja wa serikali kama mlivyofanya kwenye karafuu? Ukishakuwa na mlango mmoja wa kuuzia, mzungu hana ujanja, atapanga foleni.

---

Mkarafuu Mkongwe

Mwanangu wa Kariakoo, kaa kitako nikwambie.

Shirika la biashara la serikali, ZSTC, lilianzishwa 1968, na karafuu ikawa ya kuuzwa kwake tu. Mlango mmoja kama unavyotaka. Miaka mingi mlango huo ulimpa mkulima wa Pemba kipande kidogo cha bei ya dunia, kikubwa kikaendesha nchi. Ndiyo maana magendo ya kupeleka Mombasa hayakwisha pamoja na adhabu kali zote. Tulikuwa na mnunuzi mmoja, wa kwetu, anayezungumza Kiswahili, na tulipunjwa.

Pili, huyo mzungu unayemsema kwenye karafuu hakuwa mzungu. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, kwa ajili ya sigara zao za kretek, zinazotiwa karafuu. Wakakaa wakapanda mikarafuu yao, miaka ya 1980 wakaanza kujitosheleza, bei ya dunia ikaporomoka. Miaka ya 1990 mimi nimeona watu wanaiacha karafuu juu ya mti kwa sababu malipo ya mchumaji yalikuwa hayarudi. Hakuna bodi wala shirika lililoweza kumlazimisha Indonesia avute ya kwetu.

Mambo yalibadilika 2011, serikali ilipoamua mkulima apewe asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Hilo nalisifu, na magendo yalipungua. Kwa hiyo usiniulize kama mlango ni mmoja au kumi. Niulize fungu la mkulima limeandikwa wapi.

Na tofauti nyengine kubwa: karafuu kavu naiweka ghalani mwaka mzima nikisubiri bei, na gunia moja ni pesa ya maana. Mwani ni mzigo mkubwa wa pesa ndogo, ukipata unyevu unaoza, na mama anataka pesa ya unga wiki hii. Mnunuzi anajua hilo.

---

Mtoto wa Kariakoo

Aisee mzee, nimekaa kitako kweli. Asante kwa shule.

---

Tani na Nusu

Mimi niko upande mnaoutukana, natoa mizigo bandari ya Malindi, Unguja. Naomba nisikilizwe kabla ya kupigwa mawe.

Mnasema "kampuni" kama kwamba ni mtu mmoja tajiri. Nyingi ya zilizoko hapa ni wakusanyaji. Zinanunua, zinafunga marobota, zinauza kwa kiwanda cha nje kwa bei ambayo kiwanda ndicho kinachoipanga kwa kutazama Indonesia. Chini yao kuna mkulima, juu yao kuna mpishi wa karajinani, juu ya mpishi kuna mwenye dawa ya meno, na juu yake kuna supamaketi. Kila wa juu anamkaba wa chini yake, na mizani ya Kigingi iko karibu na sakafu kabisa.

Pili, usafiri. Mwani ni bei ndogo kwa tani, kwa hiyo nauli ya kontena ikicheza kidogo tu faida yote imekwenda. Mwaka 2021 nauli za meli zilipanda duniani kote na makontena matupu yalikuwa adimu, kwa sababu wenye meli walikuwa na haraka ya kuyarudisha Uchina kubeba mizigo inayolipa zaidi. Bandari yetu ndogo, inalishwa na meli za kuunganisha, tukawa wa mwisho kwenye foleni. Mzigo umelala ghalani, unanyonya unyevu wa masika, na mwenye ghala anadai kodi. Ghala likijaa, kununua kunasimama. Mama kijijini anaambiwa "wiki ijayo", hajui kwamba jibu liko Shanghai.

Kisha mwisho wa 2023 Wahuthi wakaanza kupiga meli Bahari ya Shamu, kampuni kubwa za meli zikaacha kupita Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tulio hatua chache kutoka lango la Bahari ya Shamu, mzigo wetu wa Ulaya ukaenda kuzunguka bara zima. Siku zikaongezeka, bima ikaongezeka. Hayo nayo yakatwe kwa nani? Nakubaliana na mleta mada hapa: yanakatwa kwa asiyeweza kukataa.

---

Kigingi

Tani na Nusu, sikupigi jiwe. Hiyo ya "wiki ijayo" mimi ndiye ninayeisema, naambiwa niiseme na siambiwi sababu.

---

Chungu Meno

Kumbe mimi kila asubuhi napiga mswaki na jasho la mama mkwe 😂 naacha leo.

---

Kijana wa Gombani

Suluhisho ni moja tu, KIWANDA. Tuache kuuza mali ghafi. Tupike wenyewe, tuuze karajinani. Serikali ya Dk. Mwinyi imesema uchumi wa buluu, mradi wa kiwanda cha mwani Chamanangwe, Wete, upo. Tatizo limekwisha, fungeni uzi.

---

Kigingi

Usiufunge bado mdogo wangu. Chamanangwe nautaka kuliko wewe, naishi jirani kuliko wewe. Lakini tujue tunachokitaka.

Kupika mwani mnene kunataka mambo manne: maji baridi mengi (yasiyo ya chumvi), umeme usiokatika, dawa ya potasi ambayo itatoka nje, na pahala pa kumwaga maji machafu yenye dawa hiyo bila ya kuua mashamba yale yale tunayoyavuna. Maji baridi Pemba unayajua mwenyewe ndoo zinavyopangwa. Umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 2010. Kabla ya hapo tulikuwa wa jenereta, kwa hiyo tumetoka mbali, ila kiwanda kinachochemsha mchana na usiku si sawa na taa za nyumbani. Hayo yote yanatatulika kwa pesa.

Lisilotatulika kwa pesa peke yake ni jengine. Mwenye aiskrimu hanunui karajinani tupu. Ananunua mchanganyiko uliotengenezwa kwa ajili ya aiskrimu yake, ya mnene kidogo, ya mwembamba kidogo, na viungo vyengine, uliojaribiwa kwenye maabara mpaka ukakubali mashine zake. Faida nono inakaa hapo, kwa anayejua resipe na anayeaminiwa na mteja. Tukipika tu bila ya kujua kuchanganya, tutakuwa tumepanda ngazi moja na tunamuuzia mtu yule yule. Ufilipino na Indonesia walipitia njia hiyo, wakajenga viwanda vingi vya kupika, na bado wanapambana na Wachina kwenye bei.

Hata hivyo ngazi moja si haba. Mnunuzi wa pili akiwa Wete, mama anaweza kumwambia wa kwanza hapana. Mimi kiwanda nakitakia hilo kwanza, mapato ya nje yafuate.

---

Mwanamke wa Mwambao (Paje)

Nimesoma yote toka juu. Sasa nataka kuwaambia wanaume wa humu, na mwenye mizani akiwamo, msitutetee kama mayatima.

Mimi nimelima mwani tangu kabla sijaolewa. Pesa ya mwani ndiyo pesa ya mwanzo niliyoishika mkononi bila ya kumuomba mtu. Wenzangu wamejenga vyumba vya matofali kwa pesa hiyo, wamesomesha, wengine wamepata ujasiri wa kudai talaka, kwa sababu ukiwa na chako unajua utakula nini kesho. Hayo hayamo kwenye hesabu zenu za tani na unyevu.

Baadaye mnene ukafa kwetu, mwembamba ukawa hauna bei, na ufukwe ukajaa mahoteli na watu wanaorushwa na matiara juu ya maji, wanapita juu ya kamba zetu. Nikaenda hotelini kufanya usafi. Huko nilikuwa mwajiriwa halali, na karatasi, na mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, nakatwa. Pia nilikuwa naingia saa kumi na mbili, natoka nikiruhusiwa, msimu ukiisha tunaambiwa tukapumzike nyumbani. Corona ilipokuja 2020 wageni wakakatika, tukarudi nyumbani sote na karatasi zetu. Mnadhani nilirudi wapi? Kwenye kamba.

Sasa hivi nafanya vyote. Nalima kidogo, na kikundi chetu tunasaga mwani tunatengeneza sabuni za karafuu na mchaichai, tunawauzia wageni. Robota moja lingetoa sabuni nyingi sana na pesa yake haifanani na ya mizani. Lakini soko la sabuni ni dogo, halitobeba wakulima wote wa Pemba, nalisema ili msije na mradi wa kumfanya kila mwanamke mtengeneza sabuni. Miradi hiyo tumeiona, wanakuja na vitambaa vya kichwa na fulana, wanaondoka.

Kwa hiyo sitaki kuajiriwa na kampuni ya mwani. Sitaki mtu aniandikie saa ya kushuka majini, saa hiyo anaipanga Mungu. Nataka mizani isiyocheza, bei nijue kabla sijapanda, na nikipoteza mbegu kwa joto nisiwe peke yangu.

---

Bint Tumbe

Dada wa Paje, nakupigia saluti kutoka Pemba.

---

Kigingi

Mama, maneno yako nayachukua kama yalivyo. Ukiyatazama, hayako mbali na niliyoyaanzia. Mimi sijasema kila mkulima aajiriwe. Nasema kuna haki zilizofungwa kwenye ajira ambazo zingeweza kufunguliwa zikamfuata mkulima pasipo kuajiriwa. ZSSF wana mpango wa hiari kwa waliojiajiri. Nini kinazuia kampuni ichangie shilingi kadhaa kwa kila kilo, zikaingia kwenye akaunti ya mkulima, na mimi nikaziandika kwenye daftari lile lile? Bi mkubwa aliyeanza 1989 na miaka thelathini na mitano yake leo keshafika sabini. Anachokipata kwa uzee ni pensheni jamii ya serikali, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kutoka kwenye mnyororo uliokula ujana wake hapati hata soksi za majini.

Na bei kabla ya kupanda ni jambo la wiki sita tu. Kampuni inajua itauza kwa nani wiki sita zijazo. Kutangaza bei ya msimu haiwezi kuiua.

---

Tani na Nusu

Inaweza kuibana, mkuu. Wao wenyewe hawaahidiwi. Mfano: mwaka 2016 bodi ya Marekani inayoshauri kuhusu vyakula vya kilimo hai ilipiga kura karajinani iondolewe kwenye orodha yao. 2018 wizara yao ya kilimo ikaamua ibaki. Kati ya kura ile na uamuzi ule wauzaji dunia nzima walikuwa hawajui kesho. Ukiwa umetangaza bei na mteja akakukimbia?

---

Kigingi

Hapo hasara ya wiki sita itakuwa ya kampuni. Leo ni ya Bint Tumbe. Mmoja wao ana benki.

---

Mwanasheria Mtarajiwa

Samahani nachelewa kuingia. Kuna kitu hakijaguswa: sheria za huko juu ya mnyororo.

Jengo la Rana Plaza lilipoanguka Bangladesh Aprili 2013, wakafa washona nguo zaidi ya 1,100, kampuni za Ulaya zilijitetea kwa maneno yale yale: wale si wafanyakazi wetu, tunanunua tu. Hasira zilizofuata zilizaa sheria. Ufaransa walipitisha yao 2017, ya Ujerumani ikaanza kazi 2023, na Umoja wa Ulaya ukapitisha ya pamoja 2024, ingawa tangu hapo wenye viwanda wamepigania ilegezwe. Kwa ufupi zinaitaka kampuni kubwa ichunguze madhara yanayowapata watu katika mnyororo wake wa ugavi hata kama hawajaajiriwa nayo. Yaani lile tundu alilolionyesha mleta mada, la "kajiajiri", huko linaanza kuzibwa.

Msifurahi mapema. Sheria hizo zinashika kampuni kubwa sana. Mkusanyaji wa hapa hazimgusi, wala pengine mpishi wa mwani. Mwenye dawa ya meno ndiye anayeguswa, naye yuko ngazi tatu juu na atasema hajui hata Pemba iko wapi. Ili asiweze kusema hivyo inatakiwa karatasi: mkataba wa mkulima, risiti ya mizani yenye tarehe na kilo, robota lenye namba ya kijiji. Ukiwa na hayo unaweza kuufuata mwani mpaka kwenye rafu.

Swali langu kwa waliomo kazini: mkulima anapopewa kamba na mbegu, anasaini chochote? Kiko kwa Kiswahili? Nakala anabaki nayo?

---

Bint Tumbe

Mimi niliandikwa jina kwenye daftari, nikatia kidole gumba. Nakala sina.

---

Mwanamke wa Mwambao

Kwetu zamani ilikuwa maneno tu mbele ya sheha. Siku hizi kuna karatasi kwa baadhi, nimeiona kwa jirani, ukurasa mmoja, imeandikwa mkulima asifanye nini. Kampuni ifanye nini, sikuona.

---

Mwanasheria Mtarajiwa

Ukurasa huo nauhitaji. Aliye nao apige picha, azibe jina la mkulima na la kampuni, auweke humu tuusome mstari kwa mstari. Kigingi, na risiti za mizani zinatoka nakala ngapi?

---

Kigingi

Mbili. Moja ya kampuni, moja inabaki kwenye kitabu. Ya mkulima haipo, anapewa pesa na jumla kwa mdomo. Kesho kutwa tunanunua, nitauliza ofisini kama naweza kuongeza kaboni ya nakala ya tatu, ya mkulima. Nikijibiwa nitaandika hapa hapa.